Naibu hafutwi tena kwa redio

Mombasa

Somo yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi kwako na kwa wote huko Tanga. Sisi wazima, joto tu.

Umeniuliza vipi Rais wetu Ruto alimfuta naibu wake Gachagua, na hali walichaguliwa pamoja. Hakumfuta yeye, somo. Hana uwezo huo.

Zamani Rais alikuwa nao. Makamu aliteuliwa na kutolewa apendavyo mkubwa, na mara nyingi mtu alijua hana kazi kwa kusikia taarifa ya habari ya saa saba kama sisi wengine. Baada ya uchaguzi wa 1997 Moi alikaa zaidi ya mwaka bila makamu! Katiba ya 2010 ikaukomesha mtindo huo: naibu ni mgombea mwenza, kura moja inawaingiza wote wawili. Ndiyo maana Rais Uhuru na naibu wake Ruto walinuniana hadi 2022, na hakuna aliyeweza kumtoa mwenziwe.

Iliyobaki ni njia ya Bunge. Theluthi mbili ya wabunge waipitishe hoja, kisha Seneti isikilize mashtaka, nako zipatikane theluthi mbili. Oktoba 8, 2024, zilitakiwa kura 233, zikapatikana 281. Tarehe 17 ikawa zamu ya Seneti. Mchana ule Gachagua alitarajiwa afike kujitetea, wakili wake akasimama kusema mteja amelazwa, kifua kinamuuma. Maseneta wakaulizwa kama wangoje hadi Jumamosi. Wakakataa. Usiku ule ule wakamtia hatiani kwa mashtaka 5 kati ya 11, na hata moja lingetosha.

Kulipokucha jina la Kindiki, naibu mpya aliyeteuliwa na Rais, likasomwa bungeni, na kabla ya jua kuchwa wabunge 236 wameshalikubali. Katiba inampa Rais siku 14 za kuteua na Bunge siku 60 za kupiga kura, wao wakamaliza kwa siku moja. Mahakama ndiyo iliyowachelewesha kidogo; akaapishwa Novemba 1.

Mimi simlilii Gachagua, maneno yake yalinichosha zamani. Lakini haraka ile ilinikera. Ugumu wa theluthi mbili una maana pale tu wabunge wanapoweza kumwambia Rais hapana.

Kwenu kuna hilo la Muungano, Rais akiwa wa Bara makamu awe wa Zanzibar, au kinyume chake, nami nalipenda. Alipofariki Magufuli 2021, makamu wake Samia akamalizia muhula, na Mpango, aliyemteua kuwa makamu mpya, akahitaji angalau nusu ya kura za wabunge wote. Akapata zote 363. Hata mmoja hakukataa, somo?

Nijibu hilo. Na uniambie, ukipiga kura humwangalia mgombea mwenza, au macho yako kwa Rais tu? Huku kwetu, Mlima Kenya, kwao Gachagua, wengi walimwangalia naibu.

Msalimie mama, mwambie dawa yake ya mguu nitaituma na basi la Ijumaa.

Wako,
Zuhura