Mama anataka Venice, mume anataka Roma: nifanyeje?

Kwa mshauri wa ukurasa huu,

Assalaam aleikum. Ninaishi Munich, Ujerumani, pamoja na mume wangu na watoto wetu wawili. Mama yangu amekuja kututembelea kutoka Lamu, na viza yake ya Schengen inamruhusu kuingia Italia pia. Shule zikifungwa tunakwenda huko sote, ila hatujaafikiana twende wapi.

Mume wangu amepanga Roma. Ameshalipia hoteli, tiketi za Colosseum na za makumbusho ya Vatican. Simlaumu, kijana wetu amesoma habari za Warumi darasani na sasa hana hadithi nyingine. Lakini Mama alipoulizwa anatamani kuona nini, alijibu papo hapo: Venice. Tangu usichana wake amesikia kwamba Ulaya kuna mji usio na magari, mizigo na watu huenda kwa mashua, na vichochoro vyake ni vyembamba kama vya Mkomani, mtaa wa kwetu Lamu. Miji yote miwili imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, Venice tangu 1987 na Lamu tangu 2001, na hilo yeye ndiye aliyeniambia.

Shida ni goti lake. Venice ina madaraja zaidi ya 400, na mengi ni ya ngazi. Ndiyo sababu mume wangu anasema Roma itamfaa zaidi, kuna teksi na metro. Mimi sioni hivyo. Mitaa mingi ya katikati ya Roma imetandikwa mawe, na ndani ya makumbusho ya Vatican unatembea mwendo mrefu, katikati ya umati, kabla hujafika kwenye Kanisa la Sistine. Goti hilo litapumzika saa ngapi?

Venice nimeichunguza. Mbele ya stesheni ya Santa Lucia unapanda vaporetto, boti la abiria la mji. La namba 1 hupita Mfereji Mkuu wote hadi San Marco, na mtu anauona mji akiwa ameketi. Tiketi moja ni yuro 9.50 kwa dakika 75, kwa hiyo ile ya siku nzima, yuro 25, ndiyo yenye maana kwetu. Tunaweza kulala Mestre, ng'ambo ya bara, ambako vyumba ni nafuu na treni ya kuingia mjini huchukua kama dakika kumi. Chakula pia nimekifikiria: samaki wapo tele, ila itabidi kuuliza kila mara, maana wali wao na tambi za chaza mara nyingi hutiwa mvinyo mweupe.

Linalonisumbua zaidi ni kimya cha Mama. Mbele ya mkwewe hawezi kusema anaumwa. Tulipokwenda Salzburg alitembea kutwa akitabasamu, na usiku nikamkuta anajikanda goti kwa mafuta, mlango ameurudishia. Nilipomtajia kiti cha magurudumu alinyamaza, kisha akaniuliza kama nimemwona mgonjwa. Mume wangu naye anamheshimu mno kiasi kwamba hawezi kumuuliza habari za mwili wake. Kwa hiyo kila neno linapita kwangu, na kila mmoja ananiambia, "Mimi sina neno, amueni nyinyi."

Nimewaza tugawane: baba na kijana waende Roma, mimi na binti yangu tuwe na Mama Venice, kisha wao watufuate kwa treni ya kasi, ambayo huchukua takriban saa nne. Lakini namjua Mama. Akijua tumegawanyika kwa ajili yake, atasema yeye abaki Munich kulinda nyumba.

Naomba ushauri wako, na wa wasomaji waliosafiri na wazee wao. Nimwambieje mume wangu kwamba safari hii nataka iwe ya Mama kwanza, bila yeye kuona kwamba fedha na bidii yake nimezidharau? Je, kuna aliyemshawishi mzazi akubali kiti cha magurudumu, hata kwa saa chache tu, bila kumvunjia heshima? Na kama kugawana ndiyo njia, nani amwambie Mama: mimi, au mkwewe mwenyewe?

Hoteli ya Roma bado inaturuhusu kubadilisha tarehe hadi mwisho wa mwezi huu.

Binti wa Lamu, Munich