Jiko la mgahawa likaguliwe kabla ya zege kumwagwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu tunaojenga migahawa hapa Tanga, pamoja na wale wanaotupitishia ramani.

Mwaka juzi nilijenga jiko jipya nyuma ya mgahawa wangu, Ngamiani. Kibali nilikuwa nacho, muhuri umepigwa, vigae vinang'aa. Hata miezi mitatu haikupita. Ijumaa moja mchana, wateja wamejaa, maji ya sinki yakaanza kupanda kwenye tundu la sakafu mpaka yakawafika wapishi vifundoni. Tukavunja vigae. Ndani ya bomba tulikuta mafuta ya kukaangia samaki yameganda, meupe kama mshumaa, na bomba lenyewe limelazwa bapa. Bomba la inchi 4 linataka mteremko wa kama sentimita 2.5 kwa kila mita. Langu halikuwa nao. Chemba ya kunasa mafuta nayo haikuwepo. Sinki la masufuria lilimwaga moja kwa moja shimoni.

Chemba hiyo si anasa. Ni kisanduku cha zege chenye kuta ndani: maji yakifika yanatulia na kupoa, mafuta yanaelea na kubaki, maji ya chini yanaendelea na safari. Mafuta unayachota mara kwa mara, na tafadhali yasitupwe mtaroni, maana masika yakija yanaturudia milangoni.

Moshi ndio ulioniuma zaidi. Ramani ilionyesha madirisha mawili, basi. Feni niliyoweka ukutani ilimwaga moshi uchochoroni, na kusi ikivuma mwingi ulirudi ndani, mwingine ukaenda kwenye nguo za jirani. Dada anayekaanga alikuwa akitoka nje kila mara kufuta macho, nami nikadhani ni vitunguu. Jioni alilalamika kichwa, tukasema ni joto. Mkaa unaowaka mahali hewa haizunguki hutoa gesi ya sumu isiyoonekana wala kunuka, na mimi sikuwa nalijua hilo. Sikujua pia kwamba hewa inayovutwa nje lazima ipate pa kuingilia, la sivyo feni inazunguka bure. Sasa majiko yote yana kofia ya bati juu yake, na dohani imepanda kupita paa. Tunaisafisha, kwa sababu mafuta yakijipaka humo ndani, moto mmoja tu wa kikaangio unatosha kuyawasha.

Sheria zipo: ya Mipango Miji tangu 2007, ya Afya ya Jamii tangu 2009. Ninachoomba ni ramani ya jiko la biashara isipite bila kuonyesha bomba linapoelekea, chemba ilipo na moshi unapotokea. Halafu mkaguzi afike siku ambayo mabomba yamelazwa na zege bado. Amwage ndoo ya maji upande huu, aangalie yanavyotokea upande wa pili. Vigae vikishawekwa, Afisa Afya atakagua nini zaidi ya ukuta mweupe?

Mimi nilifunga mlango wiki tatu. Wasichana wanne wanaonisaidia walikaa nyumbani bila posho muda wote huo, na mmoja wao hakurudi.

Mwenye mgahawa,
Ngamiani, Tanga