Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi: Abiria wa Tandika haendi Posta

Mheshimiwa Waziri,

Shikamoo. Kwa miaka saba nilikuwa konda wa daladala hapa Dar es Salaam, ruti ya Tandika–Mwenge. Siku hizi nauza vipuri vya bodaboda, magoti yalikataa kusimama. Kila habari za treni nyepesi za mjini zinapotajwa nasogeza kiti karibu na redio, na safari hii nimeona nikuandikie kabla mistari haijachorwa kwa wino. Kuna jambo moja ambalo konda analijua kuliko mtu mwenye kompyuta: abiria anashukia wapi.

Chukua safari moja ya asubuhi. Tunatoka Tandika saa kumi na mbili kasoro, gari limejaa mpaka mlangoni, mimi nimening'inia nje, noti nimezikunja kwa urefu katikati ya vidole. Tazara nusu ya gari inashuka: vijana wa viwanda vya Barabara ya Nyerere na wanaounganisha kwenda Uwanja wa Ndege. Hawajamaliza kushuka, wa Gongo la Mboto wanaingia, wengine kwa dirishani. Buguruni wanashuka wa sokoni, wanapanda wengine na ndoo zao, na hapo lazima tugombane kuhusu nauli ya mzigo. External wanashuka wasichana wa viwandani. Ubungo wanashuka wa Kimara na Mbezi, wanapanda waliotoka hukohuko. Mwenge gari linabaki tupu, na walioteremka wengi wanakimbilia magari ya Tegeta na Bunju.

Wa Posta, yaani wa katikati ya mji, hayumo. Utaniambia wa Posta asingepanda gari langu, na ni kweli. Lakini gari langu lilikuwa linajaa mara tatu katika safari moja, na tajiri mwenye gari alikuwa anapata hesabu yake ya siku kabla ya saa sita mchana. Ruti inayojaa mara tatu inakwambia kitu kuhusu mji.

Sasa tazama mji wenyewe. Barabara za Bagamoyo, Morogoro, Nyerere na Kilwa ni vidole vinne vya kiganja kimoja, na kiganja ni Kariakoo na Posta. Mwendokasi, yaani mabasi yenye njia yake peke yake, ulipoanza Mei 2016 ulifuata kidole cha Morogoro, kilomita 20.9 ukihesabu na matawi yake. Awamu ya pili ikawa Kilwa mpaka Mbagala, ya tatu Nyerere mpaka Gongo la Mboto, ya nne Bagamoyo. Barabara ya Mandela, ambayo ndiyo inayovishona vidole hivyo, ikapewa awamu ya tano. Halafu Sam Nujoma, ambayo kwa abiria wangu ni Mandela hiyohiyo ikishavuka Ubungo, imo ndani ya awamu ya nne. Ruti moja, gari moja, nauli moja, lakini kwenye makaratasi imekatwa pale Ubungo kama muwa.

Hata daraja la juu la Mfugale pale Tazara, lililofunguliwa Septemba 2018, linawapitisha juu watu wa Barabara ya Nyerere. Silibezi, limewasaidia sana wanaotoka Uwanja wa Ndege. Sisi wa Mandela tulibaki chini na mataa yetu, nyuma ya malori ya makontena yanayotoka bandarini. Dereva wangu alikuwa akizima gari pale, anashuka, ananunua kahawa, anakunywa, anarudisha kikombe, ndipo tunasogea.

Ombi langu ni hili: kama kweli treni nyepesi inakuja Dar es Salaam, njia ya kwanza isiwe kidole cha tano cha kwenda mjini. Iwe hiyo ya kuvuka, kutoka upande wa Temeke hadi Mwenge, kwa Mandela na Sam Nujoma. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu. Wote hao wakipelekwa Kariakoo kwanza ndipo wageuzwe kwenda wanakotaka, hata treni ya mabehewa kumi itajaa kila siku na foleni haitapungua.

Ukiitazama njia hiyo utaona kwamba reli zilishatangulia kufika. Pale Tazara ipo stesheni ya reli ya kwenda Zambia. Mbele kidogo, Mandela inakutana na reli ya kati, mahali ambapo watu walishapaita Tabata Relini zamani sana. Ubungo kuna mwendokasi wa Kimara. Sehemu hizo tatu ndizo nilikokuwa napiga kelele mpaka sauti inakauka, maana ndiko watu wanakobadilisha magari. Tatizo ni kwamba reli zetu hazisemezani. Reli ya kati ya zamani ina upana wa mita moja kamili, ya TAZARA milimita 1,067, ya SGR, ile mpya ya umeme, 1,435. Behewa la huku haliwezi kupita kule. Basi kama vyuma haviwezi kuungana, viungane vituo: abiria ashuke kwenye moja, apande ngazi, apite kwenye kivuli, akute nyingine, kwa tiketi ileile.

Treni ya Mwakyembe, ile ya abiria wa mjini tuliyoiita kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule, ilitufundisha hilo. Ilipoanza Oktoba 2012, kwa reli ya kati na ya TAZARA, watu walisafiri bila foleni na wengine tulidhani daladala zimekwisha. Mimi mwenyewe niliogopa. Lakini mtu akishuka kituoni alikuwa anatembea na vumbi lake kutafuta bajaji, na bajaji ikala akiba yote aliyoipata kwenye nauli ya treni. Baada ya miezi michache wengi nikawaona tena mlangoni kwangu.

Najua utasema reli ndiyo yako, barabara ni ya mwenzako wa Ujenzi, na mwendokasi uko TAMISEMI, kwa wa serikali za mitaa. TAZARA nayo tuna ubia na Wazambia. Naelewa. Lakini huyu abiria wa Ubungo anashuka kwenye wizara moja na kupanda nyingine bila kujua, anachojua ni mvua inayomnyeshea katikati.

Addis Ababa walizindua treni yao nyepesi Septemba 2015, njia mbili, kama kilomita 34. Walianza na treni 41. Miaka michache baadaye nyingi zilikuwa zimeegeshwa zikisubiri vipuri. Mimi nauza vipuri, hili naomba unisikilize: pikipiki isiyo na vipuri sokoni hata ukipewa bure usiichukue. Mkataba wa kununua treni uwe na stoo ya vipuri hapa hapa na vijana wetu wa kuzifungua na kuzifunga. Tena kule Addis reli iligawa mitaa, mtu wa upande huu akawa anazunguka mbali kufika upande wa pili. Mandela tayari inagawa. Buguruni nimeona watoto wa shule wakivuka makundi kwa makundi, mkubwa amewashika mikono wadogo, wanasubiri lori lipunguze mwendo ili wakimbie. Kama hapo pataongezwa reli na uzio, wavukie wapi?

Na karakana isiwekwe bondeni. Ile ya mwendokasi pale Jangwani ilitutosha, mabasi yakiogelea mafuriko ya Mto Msimbazi.

Treni haitakuja kesho, najua. Kwa sasa Mandela inahitaji vitu vidogo ambavyo haviwezi kuzinduliwa kwa utepe: kituo chenye nafasi ya magari mawili kusimama bila kufunga njia, mtaro unaopitisha maji badala ya kuyafuga, malori yapangiwe saa zake, taa za kuvukia zinazompa mama mwenye mzigo muda wa kufika ng'ambo. Na wanafunzi. Nakiri nilikuwa nawazuia mlangoni, nasema wanne wanatosha, kwa sababu nauli yao haikuwa inaniletea hesabu. Sijivunii. Mfumo wowote utakaomwacha konda achague nani apande, atachagua kama nilivyochagua mimi.

Siku mchoro utakapotoka sitaanza na Posta. Nitaweka kidole pale Ubungo, nihesabu hatua kutoka mlango wa treni ya Mandela mpaka mlango wa basi la Kimara, na nione kama kuna paa.

Wako mtiifu,
Konda mstaafu, Tandika–Mwenge