Kofia ya Profesa bado ninayo

Mangi wangu,

Salaam kutoka joto la huku. Mimi mzima, mama mzima, bumu (pesa yetu ya mkopo ya kujikimu) halijatoka. Basi, salamu zimekwisha. Najua nimekaa kimya tangu Pasaka na ulikuwa unajiandaa kunitukana. Nitukane nikimaliza, maana utakuwa na sababu nzuri zaidi.

Nakuandikia nikiitazama kofia ya Profesa, yule mwenzetu wa shuleni mwenye ualbino. Ile pama ya kahawia aliyokuwa haivui hata bwaloni mpaka patroni apige kelele. Inaning'inia msumarini juu ya kitanda changu tangu Jumamosi. Leo Jumatano.

Ilikuwa hivi. Hapa chuoni tuna kundi la kujitolea, na mwaka huu nimefanywa mweka hazina kwa sababu siku ya kikao nilikuwa peke yangu mwenye kalamu. Tukapanga matembezi ya hisani kuelekea tarehe 13 Juni, siku ya watu wenye ualbino: Ubungo hadi Mwenge kwa kufuata Sam Nujoma, ndoo mkononi, pesa ikanunue mafuta ya kukinga jua. Na tulichangisha, Mangi! Konda mmoja alitia elfu tano nzima, akasema mtoto wa dada yake naye ana ualbino, kisha akarudi kuita abiria kana kwamba hakusema kitu. Mama ntilie wa pale kituoni alimimina chenji yake yote, tukamsaidia kuokota zilizoanguka. Ndoo na kadi za michango jumla shilingi 1,340,000.

Sasa sikia matumizi. Fulana 60, laki sita. Kapelo 60, laki mbili na sabini. Spika na jenereta, laki na ishirini. Maji na bajaji, elfu arobaini na tano. Imebaki 305,000. Duka la dawa nililouliza, chupa moja ya losheni ni 45,000, na mtu akijipaka inavyotakiwa, masikio, shingo, mikono, na kurudia kila baada ya saa mbili akiwa juani, chupa haifiki mwezi. Yaani watu wote wale, kilomita zote zile, chupa sita. Na mwenyekiti wetu (ndiyo, yule yule wa "ndugu wajumbe") ameshatengeneza hundi ya boksi, kubwa kama mlango, anataka iandikwe 1,340,000 kwa sababu eti fulana nazo ni msaada. Anayetakiwa kusaini ni mimi.

Ila hilo silo linaloninyima usingizi. Ni hii kofia.

Profesa alifika wa kwanza, saa mbili na nusu, shati la mikono mirefu, pama kichwani, mafuta ameshajipaka. Mpiga picha akataka safu ya mbele ifanane. Mimi, kwa mdomo wangu huu, nikamwambia, "Vua mara moja, vaa kapelo na fulana, picha moja tu." Akacheka, akavua, akanikabidhi. "Nishikie." Nikavitia kofia na shati kwenye mfuko wa fulana, mfuko ukapakiwa kwenye bajaji, bajaji ikatangulia. Nilikuja kukumbuka tumeshavuka Mlimani City.

Kapelo unaijua, inakinga paji la uso basi. Na jua la Juni hapa Dar ni la kinafiki: kuna upepo, husikii kitu. Tulitembea kuanzia saa tatu hadi karibu saa sita, maana kila kituo tulisimama kuchangisha, na yeye yuko mbele kabisa ameshika bango. Hakulalamika hata mara moja. Mwenge nilimkuta amejibanza kwenye kivuli cha spika, masikio mekundu kama pilipili mbivu, na nyuma ya shingo rangi imekatika mstari pale ukosi wa fulana unapoanzia. Chini ya huo mstari, mgongoni, tumeandika LINDA NGOZI YANGU.

Bajaji yenyewe ilikuwa imekwenda kufuata maji.

Alipopewa kipaza sauti hakugusa habari ya jua. Mwenyekiti alikuwa ameshahubiri nusu saa, kuanzia azimio la Umoja wa Mataifa la 2014 hadi Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010. Profesa alitumia dakika tatu. Alisema anachohitaji ni karatasi ya mtihani yenye herufi kubwa, ameomba mara mbili, na UE, mtihani wa mwisho wa muhula, ni mwezi ujao. Makofi, kisha singeli. Nimesoma muhtasari wa kikao cha tathmini: karatasi za mtihani hazimo. Spika imo mara nne.

Nikakukumbuka wewe kidato cha pili, ukimsomea ubaoni mpaka mwalimu wa hesabu akakutoa nje kwa kelele. Viboko viwili, au vitatu?

Sasa shida yangu. Hapo hospitali ya KCMC, Moshi, upande wa ngozi, ndiko yanakotengenezwa mafuta ya Kilisun, kinga ya jua (SPF) 30, mahsusi kwa watu wenye ualbino, na hugawiwa bure kwenye kliniki zao. Hebu pita uulize laki tatu yetu wanaweza kuipokea kwa njia gani, tusiishie kwenye chupa sita za dukani. Usitaje hundi.

Na unijibu haya pia. Hundi nikiiandika 305,000 kwa kalamu yangu, nitakuwa nimemuumbua mwenyekiti au nimejiokoa? Ile barua ya kuomba herufi kubwa, tuiandike kwa jina la kundi au Profesa ataona tumemgeuza bango tena? Ngozi iliyobabuka hivyo inapoa kwa siku ngapi, unamjua daktari wa kumuuliza? Amekupigia? Amekwambia chochote? Na kofia, mtu anaanzaje kurudisha kofia? Nimefika mlangoni kwake mara mbili nikasikia redio, nikageuza. Kesho ana kipindi saa nne, na jua la saa nne unalijua. Nitampelekea saa moja na nusu, kabla hajatoka. Nikiondoka bila kugonga, nitakwambia ukweli.

Mama yako hajambo? Shikamoo yangu imfikie.

Wako,
Mweka Hazina (mpaka watakaponitoa)