Zuwena, kirejeshee betri kifaa hicho

Wete, Pemba
Novemba

Shoga yangu Zuwena,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi huku hatujambo, alhamdulillah. Bi Mkubwa wako nilimpitia Ijumaa baada ya sala. Magoti bado yanamsumbua lakini sauti ni ile ile, na pesa ulizotuma zimemfika. Mvua za vuli zimeanza na mikeka ya karafuu bado imetandazwa kando ya njia, kwa hivyo wingu likitanda tu mtaa mzima unakimbia.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza nikaurudia. Umeniuliza mengi kwa pamoja: kile kifaa cheupe cha kupimia radoni, gesi ya mionzi itokayo ardhini, alichokiacha mpangaji wa mwanzo, namba zake zinazopanda na kushuka, shemeji kukitoa betri ati kinawatia hofu bure, na kichwa kinachomuuma mwanao Ilham akiamka asubuhi. Nimeona nikujibu kwa kuandika, upate kumsomea na shemeji. Naanza na hilo la kichwa kwa sababu halingoji.

Radoni haiumizi kichwa. Haikohozeshi, haitapishi, haiwashi macho. Mtu anaweza kuishi nayo miaka na miaka asihisi lolote. Kwa hivyo ikiwa mtoto anaamka na kichwa kinamuuma, kisha kinatulia akishafika skuli, tafuteni sababu nyengine, na moja katika hizo inaweza kuua kwa usiku mmoja. Unajua tunavyokatazana huku kulala na jiko la makaa ndani na mlango umefungwa. Gesi ile ile, kaboni monoksaidi, inaweza kutoka kwenye mashine ya gesi inayopasha nyumba yenu joto ikiwa ina hitilafu au bomba lake la moshi limeziba. Kifaa cha radoni hakiioni gesi hiyo hata ikijaa chumba kizima. King'ora chake ni chengine kabisa. Weka barua hii chini sasa hivi, ukatazame kama mnacho karibu na vyumba vya kulala, na ukibonyeza kitufe cha kujaribia kinalia. Kama hamna, kinunuliwe leo, fundi wa gesi aitwe aikague mashine, na mtoto aonwe na daktari. Mpaka hayo yafanyike Ilham asilale huko bezimenti, chumba cha chini ya nyumba. Na king'ora kikilia siku yoyote, tokeni nje nyote kwanza, simu mtapiga mkiwa nje.

Sasa radoni yenyewe. Urani imo kidogo kidogo katika udongo na mawe karibu kila pahala duniani. Atomu zake zinavunjika polepole na kuzaa nyengine kwa zamu, mojawapo ni radiamu, na radiamu ikivunjika inazaa radoni. Hao waliotangulia wote wamekaa ndani ya jiwe, lakini radoni ni gesi, na gesi hutafuta njia. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Nusu ya atomu zake huvunjika katika siku 3.8, na muda huo unatosha kabisa kupanda kutoka ardhini mpaka chumbani. Ukiivuta, nyingi unaitoa tena kwa pumzi. Balaa liko kwa inayowazaa ikivunjika, vijichembe vya poloniamu, ambavyo si gesi tena: vinanasa ndani ya mapafu na kuyapiga kwa chembe za alfa, yaani vipande vya mionzi vinavyoruka atomu ikivunjika. Miaka ikipita, hapo ndipo saratani inapoanzia. Huko kwenu Kanada wizara ya afya inakadiria kuwa asilimia 16 hivi ya saratani za mapafu zinatokana na radoni, na kwa watu wasiovuta sigara ndiyo sababu kubwa kuliko zote.

Uliuliza kwa nini sisi huku hatukuwahi kuisikia. Nyumba ya Bi Mkubwa unaijua: madirisha ya mbao yako wazi toka alfajiri mpaka magharibi, juu ya ukuta kuna matundu, na upepo, uwe wa kusi au wa kaskazi, unaingia mbele unatokea uani. Inayotoka ardhini haipati kukaa. Nyinyi Calgary mnaishi kinyume chake. Novemba mmeshafunga kila kitu. Hewa ya moto inapanda na kupenya juu ya nyumba, na inapotoka huko juu, nyumba inavuta hewa nyengine kutoka chini, kwenye nyufa za sakafu ya zege, pembeni mwa mabomba, kwenye shimo la pampu ya maji. Hewa hiyo inatoka udongoni, na radoni imo ndani yake. Bezimenti ndicho chumba cha kwanza kuipokea, na huko ndiko mlikoweka kitanda cha mtoto. Ndiyo maana nasema usihangaike kumnunulia mama yako kifaa kama hicho. Chako ndicho kinachohitajika kufanya kazi, na kinahitajika baridi hii hii.

Hofu ya shemeji naielewa. Asubuhi moja 310, siku ya pili yake 140, mtu atasema mashine mbovu. Lakini tuangalie inahesabu nini. Ile alama ya Bq/m³ inayofuata namba ni bekereli kwa mita moja ya ujazo wa hewa. Bekereli moja ni atomu moja kuvunjika kila sekunde. Chukua kikombe cha chai cha mililita 200, ukijaze hewa ya chumba chenye bekereli 100. Ndani ya kikombe hicho itavunjika atomu moja ya radoni kila baada ya sekunde 50 hivi. Basi! Na ndani ya kifaa chenu mna kijichumba kidogo tu ambamo hewa inajipenyeza yenyewe, na kijisensa kinachongoja chembe ya alfa ikipige ndipo kihesabu moja, na si kila chembe inayokigonga. Ni kama kuhesabu matone ya kwanza ya mvua juu ya bati: dakika hii matatu, dakika ijayo hakuna, kisha saba. Huwezi kusema mvua ni kubwa au ndogo kwa dakika moja. Juu ya hayo, radoni yenyewe hupanda usiku nyumba ikiwa imefungwa, na hubadilika kwa upepo na mgandamizo wa hewa. Kwa hivyo 310 yaweza kuwa kweli na 140 yaweza kuwa kweli, na hata moja si jibu.

Jibu ni wastani wa muda mrefu. Kanada wanataka kipimo cha miezi mitatu kwa uchache, siku 91, na kiwe baina ya Oktoba na Aprili nyumba zinapofungwa. Rudisha betri, futa hesabu za mpangaji aliyetangulia, kisha kiweke chumbani kwa Ilham. Kiwe juu ya kabati au rafu, baina ya sentimita 80 na mita 2 kutoka sakafuni. Kisiwe dirishani, kisikaribie tundu linalotoa hewa ya moto, wala ukuta wa nje, wala chumba cha kufulia. Kikishakaa hapo, kiache. Najua utashikwa na hamu ya kukipeleka jikoni, kisha sebuleni, kisha juu kwenu, kila pahala uone kinasemaje, na mwisho utakuwa na namba za kila chumba zisizokuambia chochote kuhusu chumba hata kimoja. Msifungue madirisha kwa ajili ya kukiridhisha. Ishini mnavyoishi siku zote. Na udi fukiza kwa raha zako, lakini hauiondoi radoni, wala hizo dawa za kupulizia manukato.

Pamoja na hicho ningependa mnunue na kile kipimo kidogo cha plastiki kisicho na betri wala kioo. Ndani yake kuna kipande ambacho chembe za alfa zinakikwaruza, unakiweka miezi mitatu hiyo hiyo kisha unakipeleka maabara, wanazihesabu alama kwa darubini na kukuletea karatasi. Nyumba ni ya kupanga, Zuwena. Mwenye nyumba ukimwonyesha picha ya simu atakwambia mashine imeharibika. Karatasi ya maabara yenye jina na tarehe ni habari nyengine.

Kuhusu namba ya kutisha: Shirika la Afya Duniani tangu 2009 linapendekeza bekereli 100, na nchi isiyoweza kufika hapo isipite 300. Kanada wameweka 200. Marekani wanatumia kipimo chengine ambacho ukikigeuza kinatoka 148. Kwa hivyo usidhani 199 ni salama na 201 ni kifo. Hatari inapanda taratibu, kiasi cha asilimia 16 kwa kila bekereli 100 za wastani wa miaka mingi. Wastani wenu ukiwa baina ya 200 na 600, mwongozo wa huko unasema nyumba irekebishwe ndani ya miaka miwili. Ukipita 600, ndani ya mwaka mmoja.

Na hapa naomba shemeji anisikilize kama dada yake. Shemeji, sigara na radoni hazijumlishwi, zinazidishana. Shirika hilo hilo linakadiria kuwa mvutaji yuko katika hatari ya radoni mara 25 kuliko asiyevuta. Namba ile ile inayoonekana kwenye kioo inakutishia wewe zaidi kuliko mtu mwengine yeyote humo ndani. Sikwambii haya kukulaumu. Nakwambia kwa sababu watoto wanakutegemea na mimi nakupenda kwa ajili ya shoga yangu.

Kama bado anasema haya ni maneno ya dukani ya kuuzia vifaa, mpe kisa cha Stanley Watras. Alikuwa mhandisi katika mtambo wa nyuklia wa Limerick, Pennsylvania. Desemba 1984 alikuwa akipita kwenye mashine ya kukagua mionzi inalia. Ajabu yake, ililia hata alipokuwa akiingia kazini, na mtambo ulikuwa bado haujaanza kuzalisha umeme. Mionzi alikuwa akitoka nayo nyumbani. Walipopima nyumba yake wakakuta radoni ya kiasi cha bekereli 100,000. Familia ikahamishwa, nyumba ikatengenezwa, wakarudi kukaa mumo humo. Tangu hapo ndipo watu wengi Marekani walipojua kuwa nyumba ya kawaida nayo inahitaji kupimwa.

Hilo la nyumba kutengenezwa ndilo linalonipa moyo. Hamtahitaji kuhama. Fundi anatoboa sakafu ya zege, anashusha bomba mpaka kwenye kokoto za chini, anafunga feni inayovuta hewa ya udongoni usiku na mchana na kuitoa nje kabla haijaingia ndani. Mara nyingi radoni inashuka kwa zaidi ya asilimia 80. Kuziba nyufa peke yake hakutoshi, mwenye nyumba asikuridhisheni kwa ndoo ya saruji. Kanada kuna mafundi waliothibitishwa kwa kazi hii, chini ya mpango unaoitwa C-NRPP, aitwe mmoja wao. Na kifaa chenu kibaki pale pale baada ya kazi, ndicho kitakachoonyesha kama feni inafanya ilichowekewa.

Mwisho wa Februari nitumie picha ya ule wastani wa muda mrefu, na karatasi ya maabara ikifika nayo uniletee, tuisome pamoja. Nitaipeleka na darasani kwa wanafunzi wangu, bila ya jina lako, kwa sababu mada ya mionzi huwa wanaisoma kama jambo la vitabuni tu.

Bi Mkubwa anakusalimu, anasema Ilham asisahau sura alizomfundisha. Shemeji akiwa na swali anipigie mwenyewe. Saa mbili usiku ya kwenu ni saa kumi na mbili asubuhi huku, na saa hiyo nimeshaamka.

Wako daima,
Mwalimu Rahma