Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Muziki wa Gemu si Zilipendwa Tu

Assalaam alaykum, ndugu wanachama. Wazee wetu, mabibi na mabwana, nanyi vijana mliovuka na boti kutoka Mokowe, karibuni.

Nianze na yaliyo mafupi. Hesabu za chama chetu cha kupiga muziki wa gemu kwa ala za taarabu atazisoma Bi Mweka Hazina; mimi nasema tu kwamba hatudaiwi na mtu, na ada za wachelewaji bado tunazingoja. Kinanda kimetengenezwa. Spika moja imeliwa na chumvi ya bahari na fundi amesema haina dawa. Darasa la udi la vijana linaendelea Langoni kila Jumamosi baada ya Alasiri. Onyesho la mwaka tulilipangia tarehe isiyogongana na Maulidi ya Mfungo Sita, na mwaka ujao tutafanya hivyo hivyo.

Sasa nije kwenye lililotugawa. Orodha ya onyesho ilipobandikwa, vijana waligundua kuwa hamna hata kipande kimoja kilichotungwa baada ya 1997. Kamati ya muziki ikajibu kwamba haikumwonea mtu: baada ya hapo, walisema, hakuna kitu. Muziki wa gemu ulifika kileleni na Super Nintendo na PlayStation ya kwanza, kisha ukageuka muziki wa sinema usio na sinema. Tangu siku hiyo baraza letu halijatulia. Bwana Katibu amejaza daftari kwa hoja hii moja, basi na mimi nitie neno langu.

Kamati ina haki kuliko vijana wanavyotaka kukubali. Tazameni mashine yenyewe. Famicom ya Nintendo, iliyotoka Japani mwaka 1983, na ambayo wengi wetu tuliijua kupitia zile mashine za kaseti za kuigiza, ilikuwa na njia tano za sauti: mbili za mawimbi ya mraba, moja ya wimbi la pembetatu, moja ya mvumo usio na noti, na moja ya vipande vifupi vilivyorekodiwa. Mpeni mpiga taarabu hesabu hiyo muone atafanya nini. Zile mbili za kwanza atazigawa kwa udi na fidla zijibizane, pembetatu ataifanya besi, na mvumo utakwenda kwa dumbaki. Ndiyo maana muziki wa Koji Kondo wa Super Mario Bros., wa mwaka 1985, kundi letu liliushika upesi kuliko nyimbo nyingi za kwetu. Gemu hizo hazikuwa na waigizaji wanaosema wala upepo unaovuma kama wa kweli. Muziki ulibeba karibu kila kitu, na kipande kifupi kilitakiwa kivumilike kikirudiwa siku nzima huku mama akipiga kelele zima hiyo. Mtunzi asiyejua kujenga kiitikio hakuwa na pa kujificha.

Kisha Super Nintendo, 1990: njia nane, na kumbukumbu ya sauti ya kilobaiti 64, pungufu ya picha moja ya simu. Ndani ya uchochoro huo Nobuo Uematsu aliingiza tukio la opera katika Final Fantasy VI, mwaka 1994, na waimbaji wake ni sauti za mashine zisizotamka neno. Sikilizeni tena mkirudi nyumbani. Sauti ni mbovu, utunzi hauna kasoro.

Aliyevunja ngome hiyo ni CD. Mashine ilipoweza kupiga wimbo uliorekodiwa studio, mwenye gemu hakulazimika tena kumwita mtunzi. FIFA iliyotoka 1997 kwa ajili ya Kombe la Dunia la Ufaransa ilifunguliwa na wimbo wa Blur, bendi ya Uingereza, ambao haukutungwa kwa ajili ya gemu hata kidogo. Nendeni kwenye vibanda vya pleistesheni hapa mjini muwaulize wavulana muziki wa gemu ni upi. Watawaimbia nyimbo za gemu ya mpira, zote za kukodi. Hapo kamati imeona sawasawa: kazi moja ya mtunzi imetoweka, na haikurudi.

Lakini kutoka hapo hadi kusema hakuna kitu, mimi siendi nao. Famicom ilitolewa gemu zaidi ya elfu moja, na ukiwabana wazee wa kamati watakutajia ishirini. Hizo nyingine zilikuwa na muziki pia, mwingi wake wa kuumiza kichwa. Tunalinganisha mchele uliokwisha kupepetwa na mpunga ambao bado uko shambani.

Jambo la pili ni kubwa zaidi, na nadhani sote tulilipita. Vipande vipya tulivihukumu kwa kuvisikiliza kwenye simu, vikiwa vimekatwa kutoka kwenye gemu. Zelda ya mwaka 2017, Breath of the Wild, huachia noti chache za piano kisha hunyamaza, kwa sababu mchezaji anatembea peke yake nyikani. Ukiisikiliza barazani utasema mpigaji alisinzia. Muziki wa namna hii husubiri mtu afanye jambo ndipo ujibu. Wala si uzushi wa juzi: Space Invaders ya Tomohiro Nishikado, ya 1978, ilikuwa na noti nne tu zinazoshuka, na kadiri maadui walivyopungua ndivyo zilivyoharakishwa, hadi viganja vikatoka jasho. Mwaka 1991 Michael Land na Peter McConnell wa kampuni ya gemu ya LucasArts walitengeneza mfumo wa iMUSE, na katika gemu ya Monkey Island 2 muziki ukawa unabadilika mhusika anapohama mahali, bila kukatika.

Sasa niambieni, ni nani ajuaye kazi hiyo kuliko mpiga taarabu? Watu wakiinuka kutunza, kiitikio kinarudiwa. Wakikaa, ubeti unaendelea. Mpiga udi mzuri jicho lake liko ukumbini. Kisha watu haohao wanatwambia muziki unaomfuata mchezaji hauna umbo!

Na wenye kutaka kiitikio, kipo. Undertale ya 2015 ilitungwa muziki na mtu yuleyule aliyeitengeneza gemu, Toby Fox. Lena Raine alitunga Celeste, 2018. Kristofer Maddigan aliirekodi Cuphead, 2017, na bendi ya jazi ya watu hai. Darasa la Jumamosi lilijaribu kipande cha Undertale na kikawakaa vidoleni kama kile cha Mario, wala mzee wetu wa fidla hakuuliza ni cha mwaka gani.

Maktaba ya Bunge la Marekani iliingiza muziki wa Mario katika rekodi zake za kuhifadhiwa mwaka 2023, na 2025 ikafuatisha ule wa Minecraft, alioutoa mtunzi aitwaye C418 mwaka 2011. Na kipande cha kwanza cha gemu kupata tuzo ya Grammy, mwaka 2011, ni cha Christopher Tin, Mmarekani, alichokitungia Civilization IV ya mwaka 2005. Maneno yake ni Kiswahili: ni sala ya Baba Yetu. Kwenye mazoezi tulielewana bila maneno mengi kwamba anayetaka kuimba aimbe, na anayetaka kupiga ala apige. Ilipendeza. Halafu kamati ikaiondoa kwenye orodha kwa sababu ya tarehe! Hilo, wazee wangu, sikulielewa na sijalielewa hadi sasa.

Sitawatetea wote. Gemu nyingi za fedha nyingi siku hizi zina tarumbeta zilezile na kwaya ileile inayoomboleza, saa tatu za muziki mahali ambapo nusu saa ingetosha. Huo nauacha kwa kamati waufanye watakavyo.

Pendekezo langu ni hili. Mwaka ujao nusu ya orodha itoke kwenye gemu za 2000 na kuendelea, na vijana wawili waingie kwenye kamati. Kisha kwa kipande kimoja angalau, tuweke skrini jukwaani, mtu acheze gemu mbele ya watu, nasi tumfuate: akisimama tukae kwenye kiitikio, akikimbia tuharakishe, akifa tunyamaze. Mzee wa fidla amekwisha kunambia hatafuata vidole vya mtoto. Nimemjibu kwamba kwenye harusi anafuata noti za shilingi mia, akacheka, lakini hakukubali. Mara hii pia tutahitaji jenereta ya akiba, kwani skrini ikizimika wimbo hauna pa kwenda.

Jingine ni makofi. Vipande vya gemu havina mwisho, hujirudia tu, na onyesho lililopita watu hawakujua wapige makofi lini. Naomba kila mpangaji aandike tamati yake.

Kura tutapiga baada ya chai. Wanaotaka nafasi mbili za vijana wampe Bwana Katibu majina yao kabla ya Adhuhuri.

Mwenyekiti, Lamu