Kamba hachemshwi dakika 20, Mhariri

Ndugu Mhariri,

Tafadhali nipatie nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu ukurasa wa mapishi wa Jumapili iliyopita. Ukurasa huo nausoma kila wiki na mara nyingi naokota mawili matatu, lakini safari hii nimeshindwa kunyamaza. Wasomaji wameambiwa wanunue kilo moja ya kambamiti, wawamenye wote, wawaloweke kwenye maji ya ndimu kwa saa nzima, wawachemshe dakika 20, wamwage maji, halafu ndipo watie viungo. Kwa bei ya kamba ya siku hizi, huko ni kumtia mtu hasara mchana kweupe.

Mimi ni mpishi wa shughuli, makazi yangu Kigamboni. Pilau la watu mia tatu halinikoseshi usingizi. Kamba siwapiki shughulini (nani atalisha ukumbi mzima kamba?), nawapika nyumbani kwa watu wangu, na nawapika kwa mvuke, wakiwa na maganda yao, viungo vikiwa vimeshawaingia kabla moto haujawagusa. Naomba nieleze ninavyofanya na kwa nini, ili yule aliyefuata maelekezo yenu asiende kugombana bure na muuzaji wake.

Tuanze na hilo la kumenya. Kamba mzima ukimtoa kichwa na ganda, kinachobaki ni kama nusu tu ya uzito ulioulipia. Sasa hiyo nusu uitose kwenye maji yanayotokota bila kitu cha kuikinga, dakika 20, utamu wote unahamia kwenye maji, na maji yenyewe mmewaambia watu wayamwage! Mezani unapeleka vipande vya kandambili. Nyama ya kamba si makongoro, haina kitu kigumu kinachosubiri kulainishwa. Kadiri inavyokaa motoni ndivyo inavyojikamua maji na kukaza. Ndimu nayo hivyohivyo: ukimwacha saa nzima ndani yake, nyama inaanza kugeuka nyeupe na kukakamaa hata jiko hujaliwasha. Ndimu ina wakati wake, nao ni mezani.

Mimi huvuka na pantoni asubuhi kwenda Feri, kwenye soko la samaki. Kamba wakubwa wa mnadani huwahiwa na watu wa hoteli, sisi wengine tunahangaika na wachuuzi wa mezani. Nikifika simuulizi muuzaji kama kamba ni wa leo, maana atajibu wa leo hata kama ni wa juzi. Namchukua mmoja, mkono mmoja kichwani, mwingine kiunoni, namvuta kidogo. Kichwa kikiwa kimekaza, tunaongea bei. Kikicheza, au shingo na miguu vimeanza weusi, nahamia meza nyingine. Weusi wenyewe si sumu, lakini unaniambia kwamba barafu ilichelewa. Na kwa kamba, barafu ikichelewa hakuna cha kuokoa: kichwani mna vimeng'enya vyake vya kusagia chakula, na akishakufa vinaanza kuisaga nyama yake mwenyewe, kuanzia shingoni. Huyo hata umpike vipi atakatikia mdomoni kama unga. Kamba mzuri ananuka bahari tu. Ukisikia harufu kali ya kupanda puani, mshukuru muuzaji uende zako. Mimi natembea na ndoo yangu yenye mfuniko, nasisitiza barafu chini na barafu juu, kwa sababu foleni ya pantoni haina huruma na kitoweo.

Kwa wasiojua, kamba wengi tunaowala Dar es Salaam wanatoka delta ya Rufiji na mwambao wa Bagamoyo na Saadani. Mama anataga baharini, watoto wanasukumwa na maji hadi kwenye vijito vya mikoko, wanakulia humo mpaka wapate nguvu ya kurudi bahari kuu. Anayefyeka mikoko achome mkaa anatufyekea na kamba. Hilo lingefaa makala yake, nalipitia tu.

Nyumbani nawakata vichwa, naviweka kwenye friza vitakuja kuwa supu. Kwa mkasi mdogo napasua ganda mgongoni, kutoka shingoni hadi karibu na mkia, nachomoa ule uzi mweusi kwa ncha ya kijiti. Uzi huo ni utumbo, na mara nyingi una mchanga unaosaga meno. Ganda silitoi. Ganda linazuia nyama isikauke, linatoa harufu yake, na ule mpasuo ndio mlango wa viungo.

Kwa kilo moja ya kamba waliokatwa vichwa nakaanga kwenye kikaango kikavu vijiko viwili vya chai vya binzari nyembamba na kimoja cha pilipili manga, mpaka jirani aulize leo kuna nini. Navitwanga kwenye kinu pamoja na punje tano za kitunguu saumu, kipande cha tangawizi cha urefu wa kidole gumba, kijiko kimoja na nusu cha chai cha chumvi na nusu kijiko cha pilipili ya unga. Naongeza kijiko kimoja cha chakula cha mafuta, nachanganya, kisha naupaka uji huo ndani ya mpasuo wa kila kamba kwa kidole. Ni kazi ya kukaa kwenye kigoda na redio. Nawaacha robo saa, basi.

Sasa hapa kwenye mvuke ndipo wengi wanapopotea. Wanatia chumvi, pilipili na binzari kwenye maji ya chini wakitegemea mvuke uvipandishe. Mvuke haubebi chumvi, Mhariri. Chemsha maji ya bahari, ukinge mvuke wake upoe, utapata maji yasiyo na chumvi hata chembe. Kinachopanda ni harufu. Kwa hiyo chumvi na pilipili ziende kwenye kamba mwenyewe, na chini kule utie vitu vya kunukia: mchaichai, maganda ya tangawizi, siki kidogo.

Sufuria ya mvuke ya dukani sina na sijaona haja yake. Naponda mabua ya mchaichai, nayapanga yakipishana chini ya sufuria pana mpaka yafike kimo cha vidole viwili, namimina glasi moja ya maji na robo glasi ya siki, nikihakikisha maji hayafuniki mabua. Asiye na mchaichai atumie chujio la bati linaloingia ndani ya sufuria. Nafunika, nasubiri maji yatokote kweli, mvuke usukume mfuniko. Anayetumia mkaa asiharakishe, moto ushike kwanza. Ndipo napanga kamba juu ya mabua, safu moja, zikizidi sana mbili, nafunika upesi na kuweka kinu juu ya mfuniko.

Kamba wa kawaida dakika nne. Wale wakubwa wa kujaza kiganja, sita. Hakuna kuchungulia chungulia, ukifunua tu joto limekimbia. Mvuke unaivisha haraka kwa sababu ukigusa kamba wa baridi unageuka maji palepale na kumwachia joto lake lote. Na wale wanaochemsha muda mrefu kwa kuogopa vijidudu, nawatoa hofu: kamba akifika nyuzi joto 63 katikati ya nyama ameiva salama, na mvuke wa maji yanayotokota una nyuzi 100. Msihukumu kwa wekundu wa ganda peke yake. Rangi ile imo gandani tangu baharini, imefungwa na protini, na joto likishaivunja hiyo protini wekundu unatokeza, wakati mwingine kabla nyama ya ndani haijamaliza. Tazama mahali pa kichwa ulipokata, penye nyama nene: pakiwa peupe pote, hapang'ai kama kioo, mtoe. Mkia uwe umejikunja kiasi, kama herufi C. Akishajiviringa hadi mkia ukagusa shingo, umechelewa. Na mtoe kweli kwenye sufuria, usimwache humo eti ukae na joto.

Mtu asiniambie mvuke ni mambo ya hotelini. Waganda wanaivisha matoke ndani ya majani ya mgomba kwa mvuke, na sisi wa Pwani wali tunaufunika, tukaupalia makaa juu ya mfuniko, ukamalizikia kwa mvuke wake wenyewe.

Mpwa wangu anaishi Baltimore, Marekani, na mara moja aliniletea kopo la njano la kiungo chao kinachoitwa Old Bay. Huko Maryland kaa na kamba wanapikwa kwa mvuke na hicho kiungo, na aliyekianzisha ni Gustav Brunn, Myahudi aliyewakimbia Wanazi Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1930, akafika Baltimore na mashine yake ndogo ya kusagia viungo. Mtu wa kazi yangu analielewa hilo vizuri sana. Nililisoma kopo: chumvi ya seleri, pilipili nyekundu na nyeusi, paprika, na viungo vingine visivyotajwa. Kamba wao wanavukishwa na maji yaliyochanganywa na siki, au bia kwa wanaoitumia, na muda wanaoutaja ni dakika mbili hadi tatu tu. Nilikipika, ni kitamu, sikatai, ila wapwa wengine hawana sababu ya kuagizwa kopo kutoka ng'ambo wakati binzari na pilipili manga zinauzwa kwa vipimo Kariakoo. Nilichowaiga ni kitu kimoja: wanatandika magazeti mezani, wanamwaga kamba katikati, kila mtu anamenya wake. Ndiyo, Mhariri, nami natandika gazeti lako, juu yake jani la mgomba, wino usije ukaingia kwenye kitoweo.

Pembeni naweka ndimu zilizokatwa na bakuli la ukwaju mzito uliopondewa pilipili mbuzi. Watu wanalamba vidole kwa sababu viungo viko kwenye ganda, ukimenya vinakuja na mkono. Hayo maji machache yaliyobaki chini ya sufuria usithubutu kuyamwaga, yameshapokea majimaji ya kamba. Nayachuja, nayaongeza kwenye tui, napikia wali. Siki yake kwa wingi huo haiharibu kitu.

Kamba wa friza wa dukani nao wanapikika, ila wayeyushwe taratibu kwenye friji, si juani, na wakiwa tayari wana rangi ya waridi, mara nyingi wamekwisha kupikwa kiwandani. Waliokwisha kupikwa wapashe moto tu. Na mwenye mzio wa kamba asidanganywe kwamba mvuke unautoa. Kinachomdhuru ni protini ambayo hata moto wa muda mrefu hauimalizi, kwa hiyo hizo dakika 20 zenu hazimsaidii hata yeye.

Ninachoomba, Mhariri, ni masahihisho Jumapili ijayo, pale pale kwenye ukurasa wa mapishi na kwa herufi zinazosomeka, si kule chini ya matangazo ya viwanja. Andikeni dakika nne. Zile 20 mnaweza kumpelekea pweza, na hata yeye atawaomba mumwongeze.

Wako msomaji,
Mama Salma,
Kigamboni, Dar es Salaam